Kiingilio kidogo, safari ndiyo inayomkausha shabiki wa Pemba

MASHABIKI wa soka kisiwani Pemba walipata neema ya aina yake Januari 2025, pale Kombe la Mapinduzi lilipochezwa katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake. Tangu mechi ya ufunguzi ya Januari 3, ambapo Zanzibar iliifunga Tanzania Bara bao 1-0, hadi fainali ya Januari 13 ilipoilaza Burkina Faso mabao 2-1 na kutwaa kombe, mtu wa Wete, Micheweni au Mkoani aliweza kwenda kutazama mpira na kurudi kulala nyumbani kwake.

Kwa mkazi wa mjini Unguja au Dar es Salaam hilo ni jambo la kawaida. Kwa Mpemba ni nafuu kubwa ya mfuko, kwa sababu kwa miaka mingi mechi kubwa zimekuwa zikichezwa Uwanja wa Amaan, ng'ambo ya bahari.

Kila inapokaribia mechi kubwa, mjadala huwa juu ya kiingilio: kimepanda, kishushwe, mwananchi wa hali ya chini aangaliwe. Lakini kwa shabiki anayetoka Konde kwenda Amaan, kiingilio ni mstari mmoja tu katika orodha ndefu. Kuna gari hadi Chake Chake, gari nyingine hadi bandari ya Mkoani, boti hadi Unguja na daladala hadi uwanjani. Mechi ikichezwa usiku, kuna kulala na kula. Kisha safari hiyo hiyo inarudiwa kinyumenyume, na siku mbili za kazi shambani zimeshapotea.

Tuchukue mfano wa hesabu. Iwapo safari nzima itamgharimu shabiki Sh100,000, na kiingilio ndani yake ni Sh5,000, basi kukipunguza kiingilio kwa nusu kunamwokolea Sh2,500 tu, yaani asilimia mbili na nusu ya gharama yote. Mechi hiyo hiyo ikiletwa Gombani, sehemu kubwa ya zile Sh95,000 nyingine inabaki mfukoni.

Fedha hizo zipimwe kwa karafuu, kwani ndicho kipimo wanachokielewa wengi kisiwani. Mwaka 2011 bei ya karafuu ya daraja la kwanza inayolipwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) ilipandishwa hadi Sh15,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, Sh100,000 ni karibu kilo saba za karafuu kavu. Ili kuzipata, mkulima anahitaji takriban kilo 20 za karafuu mbichi, azilipie uchumaji, kisha aziangalie zikikauka juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa. Kwa mchumaji anayelipwa kwa pishi, au mama anayelima mwani, hesabu ni nzito zaidi.

Mfuko unafuata mkarafuu

Tatizo la pili ni wakati. Mshahara wa mfanyakazi wa ofisini huingia kila mwezi, lakini kipato cha shamba la Pemba huja kwa msimu. Karafuu huchumwa zaidi katika nusu ya pili ya mwaka na kuendelea hadi karibu na Januari, na hata hivyo mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka wa neema huweza kufuatiwa na mwaka mkavu. Zinapofika mvua za masika, Machi hadi Mei, nyumba nyingi huwa zinanunua mchele kwa fedha iliyobaki.

Ratiba ya mpira haiangalii hayo. Fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco, iliyomalizika kwa sare ya 1-1, ilichezwa Amaan Mei 25, 2025. Mechi ya aina hiyo, karibu kiasi hicho na Pemba, haitokei mara nyingi. Lakini iliangukia katika miezi ambayo mfuko wa mkulima huwa mwepesi.

Hapo ndipo runinga inapochukua nafasi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Kwa shabiki, kibanda cha kuonyeshea mpira kijijini ni bei rahisi. Kwa klabu za Pemba ni mshindani mgumu: Simba au Yanga zikicheza saa 10 jioni, timu inayocheza Gombani saa hiyo hiyo hupata shida ya watazamaji. Kisiwa hiki kimewahi kutoa mabingwa wa Zanzibar, Jamhuri mwaka 2003 na Super Falcon mwaka 2012, na klabu zake nazo hubeba nauli ya boti zinapokwenda kucheza Unguja.

Somo la Uingereza

Nchi tajiri nazo zimelazimika kuliangalia suala hili. Februari 2016 maelfu ya mashabiki wa Liverpool waliondoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77, na klabu ikarudi nyuma. Kuanzia msimu wa 2016/17, klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kuwa shabiki wa timu mgeni asilipe zaidi ya pauni 30. Mantiki yake ni kwamba aliyesafiri ameshalipa kabla hajafika mlangoni.

Kwa Pemba, hatua ya kwanza ni kuendelea kuipa Gombani mechi zenye mvuto. Fedha za kiingilio, chakula na usafiri hapo huzunguka kisiwani kwa mama lishe na madereva. Ya pili ni tiketi ya msimu inayouzwa wakati wa mavuno, mkulima anapokuwa na fedha mkononi, ili klabu nayo iwe na mtaji wa kuanzia ligi. Ya tatu ni kupanga saa za mechi zisigongane na zile za runinga.

Kushusha kiingilio bila ya hayo kutazipunguzia klabu mapato, ilhali shabiki wa Konde atabaki pale pale kibandani. Klabu hizo zina waamuzi, ulinzi na nauli za kulipia, na kwa hiyo kila tiketi inayopunguzwa bei lazima ilete mtu mwingine mlangoni.