Kodi ya Jimbo Haifuati Kitanda

Keti na Waswahili wa Dallas au Houston msimu wa kodi ukikaribia, hutakosa atakayekwambia kwa kujiamini: "Sisi tunaishi Texas, na Texas haina kodi ya mapato. Ukishamalizana na serikali kuu, basi." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili inawaponza watu.

Texas haitozi, sawa. Lakini nesi wa Houston akichukua mkataba wa wiki 13 katika hospitali ya California, mshahara ule ameuchumia California, na California inataka chake. Atajaza fomu 540NR, ya wasio wakaazi, hata kama nyumba, leseni na watoto wote wako Texas. Wala si jambo la jana. Mwaka 1920, katika kesi ya Shaffer dhidi ya Carter, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Oklahoma ina haki ya kumtoza mkaazi wa Illinois kodi kwa mapato ya mafuta yaliyotoka Oklahoma. Miaka zaidi ya 100, na bado tunabishana vibarazani.

Nashuku uvumi huu umeanzia kwa madereva wa malori. Wao wana sheria yao: dereva aliyeajiriwa, ambaye kazi yake ya kawaida inampitisha katika majimbo mawili au zaidi, mshahara wake hutozwa kodi ya mapato na jimbo analoishi peke yake. Dereva wa Texas akisema hadaiwi na jimbo lolote, hasemi uongo. Anayekosea ni nesi anayejikinga kwa mwavuli wa dereva.

Wengine husema, "Mimi nimeshakatwa kodi kwenye mshahara." Kukatwa si kujaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka! Makato ni makadirio tu. California hupima kiwango chako kwa mapato yote, ya Texas yakiwemo, ndipo itoze fungu lililopatikana kwake. Huenda unadaiwa, huenda umekatwa kupita kiasi, na bila ritani, fedha hizo hurudishiwi.

Ushauri wa binamu aliye jimbo jingine nao hausafiri, kwa kuwa kila jimbo lina sheria zake. Illinois humwacha mgeni mwenye mshahara asiyezidisha siku 30 za kazi kwa mwaka. New Jersey na Pennsylvania zimekubaliana mshahara utozwe unakoishi. Minnesota na Wisconsin zilikuwa na mapatano kama hayo, yakakoma mwaka 2010. Na anayenyamaza akidhani deni litachakaa ajue kwamba kwa kawaida muda wa jimbo kukudai hauanzi kuhesabiwa mpaka uwasilishe ritani.

Basi chukua W-2 yako, ile fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, utazame kisanduku cha 15. Ukikuta jimbo usiloishi, achana na wataalamu wa WhatsApp; mtafute mtayarishaji kodi anayelijua jimbo hilo, kabla ya tarehe 15 Aprili.