SEHEMU YA 4: Mwacheni mtoto alale, ndipo atafaulu

Sehemu zilizopita tuliongea homa, minyoo na chakula cha mtoto. Leo naingia kwenye masomo, na najua nitawaudhi baadhi yenu. Nivumilieni mpaka mwisho.

Hii tabia ya kujisifu kwamba "mwanangu anakesha na daftari" iishe. Hapa Somanga imekuwa fasheni. Mtihani wa darasa la nne au la saba ukikaribia, mtoto analala saa 5 usiku, saa 10 alfajiri anaamshwa akasome. Hesabu mwenyewe, hayo ni masaa 5. Halafu shuleni anasinzia, anachapwa. Jioni anarudi na alama mbaya, anachapwa tena nyumbani. Mwisho wa yote tunasema eti hana akili, au kuna mtu kamtupia kitu.

Jamani, huyo mtoto hajarogwa. Ana usingizi.

Mimi ni nesi, sio mwalimu, ila mwili wa mtoto naujua. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Hilo halihusu watoto wa kizungu peke yao, ubongo ni ubongo. Mtoto akilala, ubongo wake haujazimwa. Unapanga aliyoyasoma mchana na kuyaweka mahali ambapo kesho atayapata. Ukimnyima usingizi ili asome zaidi, ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka. Umechoka, na nyumbani umefika na ndoo tupu.

Najua mtanijibu, "Nesi, mbona sisi tulikesha na kibatari na tukafaulu?" Sawa, wapo waliofaulu. Na wale waliolala juu ya dawati wakaishia njiani, mbona hamuwataji? Tunamhesabu mmoja aliyevuka, tunawasahau kumi waliobaki ng'ambo. Tena siku hizi hata kibatari hakuna. Gesi ya Songo Songo inapanda nchi kavu hapa hapa kwetu Somanga Fungu kwenda Dar tangu 2004, na nyumba nyingi sasa zina umeme. Taa inawaka mpaka usiku wa manane, TV inaimba, simu inapita mkono kwa mkono, na mtoto yuko katikati ya hayo yote na daftari mapajani. Halafu mnasema anasoma!

Na hili la watoto wa kike ndilo linaloniuma zaidi. Kaka yake akitoka shule anakwenda kucheza mpira. Yeye achote maji, akune nazi, aoshe vyombo, ambembeleze mdogo wake, ndipo ashike daftari saa 4 usiku wenzake wakikoroma. Matokeo yakitoka tunasema "huyu kichwa chake kizito, bora aolewe". Kichwa chake hakina uzito wowote. Mzigo alioubeba ndio mzito, na sisi ndio tuliomtwisha.

Niliwahi kumpokea binti wa darasa la saba, analalamika kichwa na kizunguzungu. Majirani walishasema ana jini la shule. Tukapima: malaria hana, damu iko chini. Nikamuuliza siku yake inavyokwenda. Analala saa 5, saa 10 anaamshwa asome, saa 11 anakwenda kuchota maji, anakwenda shule bila kitu tumboni. Dawa za kuongeza damu tulimpa. Masaa ya kulala hospitali hatuna.

Sasa mtaniuliza, asilale tu, asome lini? Asome, tena kila siku. Ila asome kidogo kidogo na kwa utaratibu. Zamani kule Ujerumani alikuwepo mtu anaitwa Hermann Ebbinghaus. Alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, na mwaka 1885 akatoa kitabu. Aliona kwamba mtu akijifunza kitu, kingi anakisahau mapema sana, ndani ya siku ile ile ya kwanza. Na aliona kwamba kurudia kwa siku tofauti tofauti kunashikisha kuliko kulundika yote siku moja. Hilo linajulikana zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sisi bado tunawalundikia watoto miezi miwili ya mwisho!

Utaratibu ninaowaomba ni huu, na hauhitaji hela ya twisheni:

1. Mtoto akitoka shule na chuoni, ale, apumzike, asaidie kazi. Kazi zigawanywe, na wa kiume naye achote maji.

2. Baada ya magharibi, mpe dakika 30 hadi 45 za daftari. TV imezimwa, simu iko kwako. Saa ile ile kila siku, mpaka mwili uzoee.

3. Akimaliza, daftari lifungwe. Muulize: "Haya, nieleze mimi, leo mmejifunza nini?" Akwame, afikirie, ndipo afungue aangalie alipokosea. Kusoma kwa macho tu kunamdanganya mtoto kwamba anajua. Akieleza kwa mdomo ndipo inajulikana anajua au hajui.

4. Kesho yake mrudishe nyuma kidogo kwa yale ya jana. Jumamosi mrudishe kwa yale ya wiki nzima.

5. Saa 3 usiku alale, ndani ya chandarua. Akiamka saa 12 asubuhi amepata masaa 9. Usiku wa mbu na homa ni usiku uliopotea, na huku kwetu malaria mnaijua.

Mama ambaye hukusoma, usiniambie huwezi. Namba 3 haihitaji ujue kusoma. Inahitaji ukae, usikilize, uulize "kwa nini?" Mtoto anayemfundisha mama yake jikoni huku mchuzi unachemka, huyo anasoma kuliko anayekodolea kitabu saa 8 usiku.

Na kabla hujamwita mzembe, mpime. Asubuhi apate uji au hata muhogo wa kuchemsha. Chai ya rangi usimpe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mpe chungwa au embe baada ya mboga na dagaa. Akikojoa damu, hata kama ni wa kiume, hiyo siyo dalili ya kukua, huenda ni kichocho, mleteni. Akikodoa macho ubaoni au masikio yanatoa usaha, mleteni pia. Wapo wanaoitwa wajinga kumbe hawaoni ubao.

Msidhani nawatetea wote wengine. Madarasa yamejaa, walimu ni wachache, vitabu havitoshi, na hayo serikali lazima iulizwe. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na tunashukuru. Lakini saa ya mtoto kulala hakuna waziri atakayekuja kuipanga nyumbani kwako. Hiyo iko mikononi mwetu, na haigharimu hata shilingi.

Kwa hiyo wiki hii nawapa kazi moja tu. Leo usiku saa 3 zima TV, shusha chandarua, mlaze mtoto. Fanya hivyo siku 7 mfululizo, halafu mwangalie asubuhi anavyoamka, na muulize mwalimu wake kama bado anasinzia darasani.

Sehemu ya 5 nitaongelea simu na watoto. Hapo ndipo mtanichukia kabisa. Usiku mwema, na mlale na nyie.