MENENGAI YETU: MAHUDHURIO SI MAKUBALIANO

Naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu niseme machache juu ya mlima tunaoutazama kila asubuhi tukiwa gwarideni. Najua wengi wenu mmezoea kusoma mashairi na vichekesho katika kurasa hizi. Hata hivyo, jambo hili limenikaa kooni tangu likizo ya Aprili, na wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga.

Swali langu ni hili: mtu anapotaka kuitumia Menengai na ardhi inayoizunguka, nani huulizwa kwanza, na huulizwa kwa lugha gani?

Menengai si kilima cha mchezo. Ni volkano iliyotumbukia kileleni ikaacha shimo lenye urefu wa kilomita kama 12 na upana wa kilomita 8 hivi. Sehemu yake ya juu kabisa inafika mita 2,278 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni na kutazama chini utaona mawe meusi yaliyoganda, vichaka, na mvuke mweupe ukifuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Jina lenyewe latoka kwa Wamaasai, na wazee hulihusisha na maiti wa vita vilivyopiganwa na Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19.

Sasa hebu tuwahesabu wanaouhitaji mlima huo. Wa kwanza ni wale wanaolinda msitu, yaani Shirika la Misitu nchini. Wa pili ni wenye mvuke. Kampuni ya serikali ya kuendeleza mvuke wa ardhini, GDC, ilianza kuchimba visima huko mwaka wa 2011, na mwaka wa 2023 kituo cha kwanza cha megawati 35 kikaanza kutoa umeme. Mpango ni vituo vitatu, jumla megawati 105. Mvuke huohuo umejaribiwa hata katika kuchemsha maziwa na kupasha joto vibanda vya kukuzia mboga. Wa tatu ni watalii na wale wanaotaka kuwajengea watalii mahali pa kula na kulala. Wa nne ni waumini wanaofunga na kuomba mapangoni. Wa tano ni sisi tunaokaa chini ya mlima, wenye kuni za kuokota, nyasi za kukata na ng'ombe wa kulisha.

Kwetu nyumbani tunaye ng'ombe mmoja. Maziwa yake ndiyo yaliyoninunulia kamusi ninayoitumia kuandika makala haya. Nyasi zake hukatwa na nyanya yangu kule msituni, na kuni za kupikia chai hiyo ya maziwa zatoka hukohuko. Kwa hivyo msinione nikisema kwa uchungu mkadhani nimetumwa. Nasema kwa sababu nakunywa maziwa hayo.

Wala sisemi kwamba sisi ni malaika. Nikiwa darasa la saba niliwahi kumwachilia ng'ombe huyo akaingia kwenye miche ya miti iliyopandwa juzijuzi, mimi nikiwa nacheza mpira wa makaratasi. Alikula safu nzima. Wako majirani wanaokata miti mibichi usiku na kuchoma makaa, na wapo wanaowasha moto wa kufukuza nyuki wakati wa kiangazi, ukawashinda kuuzima. Msitu una haki ya kulindwa hata dhidi yetu. Lakini kulindwa ni jambo moja, na kufungiwa mlango bila kuambiwa ni jambo lingine kabisa.

Haya, nieleze lililotokea. Wakati wa likizo ulifanywa mkutano mtaani kwetu kuhusu kambi ya watalii iliyopangwa kujengwa kwenye shamba moja linalopakana na msitu. Jina la wenye mpango silitaji, maana sikuja hapa kumchongea mtu. Nilimsindikiza nyanya. Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, saa ambayo kina mama wengi wako msituni. Waliofika hawakuzidi thelathini. Bwana mmoja aliyevaa tai akafungua kitabu kinene akasoma kwa Kiingereza, tena upesi, kama mtu anayewahi matatu ya mwisho. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kuna swali?"

Kimya. Ungeuliza nini juu ya jambo usilolielewa? Mzee mmoja alijaribu akasema, "Kijana, na ile njia yetu ya kwenda msituni itakuwaje?" Akaambiwa hayo yote yamo kitabuni. Baadaye likapitishwa karatasi la kuandika majina. Nyanya akaandika lake polepole kwa herufi kubwa, akafurahi, maana si kila siku anashika kalamu. Tukapewa soda, tukaenda zetu.

Miezi miwili haikupita kabla ya kuona nguzo na waya. Njia imefungwa. Wazee walipokwenda kulalamika walionyeshwa karatasi lilelile, wakaambiwa, "Si nyinyi mliokubali? Majina yenu haya hapa." Nyanya alirudi nyumbani akaketi bila kuvua lesso ya mgongoni. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi niliandika kwamba nilikuwepo. Sikuandika kwamba nimekubali." Siku hizi huzunguka saa nzima zaidi akiwa na mzigo kichwani, na mwaka huu ametimiza miaka 71.

Ndugu wasomaji, maneno hayo ya nyanya ndiyo makala yangu yote. Mahudhurio si makubaliano.

Tena sheria za nchi ziko upande wake. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira, na pia ihakikishe kwamba faida inayotokana nayo yagawanywa kwa haki. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016 inawaruhusu wanaokaa kando ya msitu kuunda chama cha jamii na kupewa haki za kuokota kuni, kukata nyasi, kulisha mifugo, na hata kuendesha utalii wao wenyewe. Kanuni za mwaka wa 2003 za kukagua athari za miradi mikubwa zilitaka yafanyike matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, pamoja na mikutano isiyopungua mitatu na wale watakaoguswa. Na Kifungu cha 7 cha Katiba chasema wazi: Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi kwa nini kitabu kinachoamua njia ya nyanya yangu kiandikwe kwa lugha moja tu, ile asiyoijua?

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Hell's Gate karibu na Naivasha, umeme wa mvuke wa Olkaria ulianza kutolewa mwaka wa 1981, kisha mwaka wa 1984 sehemu hiyo ikatangazwa mbuga ya wanyama. Watalii, wanyama, mabomba na Wamaasai wote wakajikuta mahali pamoja. Mwaka wa 2014 jamii za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mradi wa Olkaria IV. Baadhi yao hawakuridhika, wakapeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilizotoa mikopo. Mazungumzo ya upatanishi yakafanywa mwaka wa 2015 hadi 2016. Ni vizuri kwamba watu waliketi wakazungumza. Lakini angalieni mpangilio: kwanza kuhama, halafu kuzungumza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata Marekani kwenye sheria nyingi mambo ni hayohayo. Katika jimbo la Arizona ipo milima iitwayo San Francisco Peaks, ambayo Wanavajo na Wahopi huiheshimu kama mahali patakatifu. Mlimani humo mna kituo cha matajiri cha kuteleza kwenye theluji. Theluji ya mvua ilipokuwa haitoshi, wenye kituo walitaka kutengeneza theluji kwa maji taka yaliyosafishwa. Wenyeji walikwenda mahakamani wakashindwa katika rufaa mwaka wa 2008, na tangu mwaka wa 2012 theluji hiyo inatengenezwa. Wenyeji hao walisikilizwa na majaji, ndiyo, lakini kusikilizwa na kukubaliwa ni vitu viwili. Nikawaza juu ya wale waombaji wetu wa mapangoni. Wao hawana hata wakili.

Najua wapo watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja wa darasani, ambaye tulibishana naye karibu tukose chakula cha mchana, alisema, "Wewe bwana unataka tungoje kila shosho aelewe ndipo vijana wapate kazi? Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na jiji linataka hoteli." Hoja yake ina uzito. Kaka yangu mwenyewe hana kazi, na kambi ikijengwa huenda akapata. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni amekuja akaziba mlango wa jikoni? Tena kukubaliana mapema hakuchelewi. Kinachochelewesha ni waya kukatwa usiku, kesi, na watu kununiana miaka kumi. Kama njia ile ingeachwa mita tatu tu kando ya ua, leo hakuna ambaye angekuwa na ugomvi na kambi hiyo. Huenda nyanya angewauzia maziwa.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, mpango wowote wa kutumia ardhi kando ya Menengai uandikwe muhtasari wa Kiswahili chepesi, kurasa mbili au tatu, ubandikwe kwa chifu, kanisani, msikitini na kwenye kinu cha posho wiki mbili kabla ya mkutano.

Pili, mkutano ufanywe saa ambayo wenye kuni na wenye mifugo wako nyumbani. Jumapili alasiri yatosha.

Tatu, liwepo karatasi la mahudhurio na karatasi jingine la makubaliano, na hili la pili lisomwe kwa sauti kabla ya mtu kutia sahihi. Asiyekubali naye aandike sababu yake.

Nne, kila mwaka pande zote zikutane tena kuona kama ahadi zimetimizwa: sisi tuulizwe juu ya miche iliyoliwa, nao waulizwe juu ya njia na ajira.

Na hapo ndipo chama chetu kinapoingia. Kila Ijumaa tunakutana kushindana vitendawili na kusahihishana ngeli. Ni vizuri, lakini lugha isiyomsaidia mtu ni kama jembe la kuning'inizwa ukutani. Naomba walimu waturuhusu muhula ujao tufasiri muhtasari wa mpango mmoja, hata ule wa kambi niliyoitaja, tuupeleke mtaani tukausome. Mimi nimejitolea kusoma wa kwanza. Kitabu kile kina kurasa 64, nimeshapata nakala yake, na nimefika ukurasa wa 9. Njia ya msituni bado sijaiona ikitajwa.

Ni mimi wenu,
Mwanachama, Kidato cha Tatu.