Ufugaji Nyumbani: Jogoo wa Mbegu Hauzwi

Wiki hii tulikusudia kuandika juu ya chakula cha vifaranga, lakini shauri lililotufikia hapa Kamalondo limetulazimu kugeuza njia. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuja kwetu jioni akiwa na kikapu kwapani. Ndani yake mlikuwa na pora wawili, yaani majogoo vijana wasiojua bado kuwika.

“Mwalimu,” alisema, “watazame hawa. Mama yao ni Wyandotte na baba yao ni Wyandotte. Lakini mmoja ana kishungi cha msumeno, mwingine miguu yake imepauka, na wote wawili ni wadogo kama njiwa. Jogoo wa jirani ameniharibia mbegu, nami nataka wanilipe.”

Nyumba hizo mbili zimetengwa na ua mmoja tu, tena huteka maji katika bomba moja. Lakini tangu pora hao waote manyoya, hapana tena salamu kati yao. Basi, tuliona kwamba kabla ya kumhukumu jogoo yafaa tuwasikilize mashahidi.

Kwanza tujue Wyandotte ni kuku wa namna gani. Aliundwa na wafugaji wa Marekani, katika Jimbo la New York, miaka ya 1870, akapewa jina la kabila moja la wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1883 wale wa rangi ya fedha walikubaliwa rasmi katika kitabu cha Wamarekani cha vipimo vya kuku bora. Mwili wake ni wa mviringo, kifua kipana, mgongo mfupi, miguu ya manjano isiyo na manyoya. Jogoo aliyekomaa hufikia karibu kilo 3.9, na mtetea karibu kilo 3. Kishungi chake huitwa cha waridi: ni kipana, kimelala juu ya kichwa, chenye vinundu vidogo vingi. Hutaga mayai ya rangi ya kahawia, na nyama yake ni nyingi. Wahenga walisema: Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuku huyu aliundwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, na mtu akiacha kuchagua, yale yaliyoundwa huanza kubomoka.

Sasa tumwite shahidi wa kwanza, kile kishungi cha msumeno. Mtawa Gregor Mendel, wa monasteri ya Waagostino mjini Brno, alitangaza mwaka 1866 yale aliyoyaona katika bustani yake ya njegere: kwamba sifa moja yaweza kujificha ndani ya mzazi, isionekane kabisa, kisha ikatokea kwa mtoto. Mwaka 1902 Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba sheria hiyo yatawala kuku pia, akitumia vishungi vyao. Kishungi cha waridi hukifunika kile cha msumeno. Jogoo na mtetea, wote wawili wenye waridi, waweza kuwa wamebeba msumeno kwa siri. Hapo katika vifaranga wanne, kwa wastani mmoja atazaliwa na msumeno. Tena kuna jambo la ajabu: majogoo waliorithi waridi kwa baba na kwa mama pia, mbegu yao huwa hafifu, na mayai wanayoyapandia hayaangui vizuri. Kwa hiyo wale waliobeba msumeno kwa siri ndio wapatao watoto wengi zaidi, nao msumeno hauishi katika Wyandotte. Basi, kishungi hicho peke yake hakiwezi kumtia hatiani jogoo wa jirani.

Shahidi wa pili ni miguu iliyopauka. Umanjano wa miguu hutoka katika chakula: mahindi ya manjano na majani mabichi. Nasi watu wa Katanga tunakula bukari ya mahindi meupe, na kuku wetu hupewa pumba za mahindi hayo hayo. Kuku aliyefungiwa kwa pumba nyeupe tu, bila majani, atapauka hata kama ni wa ukoo safi. Mpe matembele au mchicha kila siku, nawe utaona rangi inarudi polepole. Shahidi huyu naye hakuthibitisha kitu.

Alibaki shahidi wa tatu, udogo wa mwili. Tukamwuliza: “Mama, ndugu zao wakubwa wako wapi?” Akajibu kwamba waliokuwa wakubwa aliwauza wakati wa Noeli katika soko la Kenya, maana ndio waliopata bei. Mwaka uliotangulia pia aliuza wakubwa mwezi wa Septemba, kwa ajili ya karo ya watoto. “Na baba wa pora hawa?” tuliuliza. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Ni yule aliyekosa mnunuzi.”

Kumbe! Hapo ndipo palipo kisa chote. Kila mwaka mbegu bora ilikwenda sokoni, na ile iliyokataliwa na wanunuzi ilipewa kazi ya kuzaa. Mkulima mwenye akili hali mahindi yake makubwa akapanda yale yaliyooza; lakini kwa kuku twafanya hivyo bila kuona haya. Nasi hatusemi haya kwa kumcheka mama huyo. Sisi wenyewe tuliwahi kumchinja jogoo wetu bora kwa ajili ya mgeni wa heshima, tukasifiwa siku moja, tukajuta miaka miwili.

Twajua kwamba karo haingoji. Kwa sababu hiyo hatuna budi kuamua mapema, kabla shida haijabisha hodi. Kuku wakifika miezi mitano au sita, wapime kwa mizani na uwatazame vizuri. Chagua jogoo mmoja na mitetea minane: wazito, wenye kifua kipana, macho maangavu na miguu iliyonyoka. Kama nafasi yatosha, weka na jogoo wa akiba. Wavishe pete mguuni. Hao ni mbegu, wala hawauzwi. Wengine wote, hata wakiwa wazuri, ni wa soko na wa sufuria. Andika katika daftari nani alizaliwa lini na na nani.

Na jogoo wa jirani je? Hatukumwachilia huru kabisa. Mtetea huweza kuhifadhi mbegu ya jogoo mwilini mwake muda wa wiki mbili na zaidi. Mwenye kutaka mayai safi ya kuatamia awafungie mitetea yake pamoja na jogoo wake wiki tatu kabla ya kukusanya yai la kwanza. Katika lupango dogo la Kamalondo, uzio wa waya na mabanzi watosha. Mama huyo hakuwa na uzio wala daftari. Basi, hapana mtu awezaye kumhukumu jogoo yule, wala kumtetea.

Mayai yakikaa siku 21 chini ya koo, vifaranga hutoka. Katika baridi ya Juni na Julai wahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 juma la kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Wengi hutumia mbabula ya makaa. Lakini tahadhari: usifunge mbabula katika chumba kisicho na tundu la hewa, kwa maana hewa ya sumu itokayo katika makaa haionekani wala hainuki, nayo huua kuku na watu vilevile.

Adui mkubwa kuliko wote ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita mdondo au kideri. Huweza kumaliza banda zima kwa siku chache, nao hauna dawa ila chanjo. Chanjo ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chupa moja yatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, nayo ikifunguliwa haiwekwi. Ugonjwa nao haujui mpaka wa ua.

Basi, tulimshauri mama yule anunue chupa moja, abishe hodi kwa jirani na kumwambia: “Leteni kuku wenu, tuwachanje pamoja.” Jumamosi iliyofuata tulipita njia ile. Tulimkuta mama ameshika kuku na jirani ameshika chupa, na jogoo mshitakiwa akingojea zamu yake, amefungwa kamba mguuni.