Utafiti Hauishii Katika Maabara

Ndugu msomaji, mwaka 2022 serikali yetu ya Uganda iliamua kwamba mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari mwenye shahada alipwe shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenye stashahada milioni 3. Walimu wa masomo ya sanaa hawakupata nyongeza hiyo, na mwezi wa Juni waligoma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mwenye stashahada. Mwamba ngozi huvutia kwake, kwa hiyo una haki ya kunishuku. Lakini makala haya hayahusu mshahara. Yanahusu wazo lililo nyuma ya uamuzi ule, ambalo sasa nalisikia hata vinywani mwa wanafunzi wa kidato cha pili: kwamba elimu inayookoa watu ni ile ya dawa na mitambo, na elimu nyingine zote ni pambo.

Wazo hilo si la kweli, na ushahidi wa kulikanusha uko hapa hapa kwetu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2000 Ebola ilithibitishwa Gulu, kaskazini mwa nchi. Watu 425 waliugua na 224 wakafariki, miongoni mwao Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyepiga mbiu ya hatari kisha akaambukizwa akiwa kazini. Wakati huo hapakuwa na chanjo wala dawa. Shirika la Afya Duniani likamwita mwanaanthropolojia, Barry Hewlett, awasikilize watu wa huko. Baadhi ya wakubwa bila shaka waliona ni anasa kumleta mtu wa mila na desturi mahali ambapo watu wanakufa. Alichokikuta kinastahili kusomwa katika kila shule ya nchi hii.

Waacholi walikuwa na jina la maradhi yanayozuka ghafla na kufyeka watu: gemo. Gemo ikishatambuliwa, wazee walikuwa na kanuni zao. Mgonjwa atengwe katika nyumba iliyo umbali wa kama mita 100 kutoka nyumba nyingine. Ahudumiwe na mtu aliyewahi kuugua akapona. Matete mawili marefu yasimikwe karibu na nyumba hiyo ili wapitao wajue. Ngoma zisimame, na nyama iliyooza au iliyokaushwa kwa moshi isiliwe. Linganisha kanuni hizo na zile za daktari, uone jinsi zinavyokaribiana. Hata ile ya kumpa mgonjwa mhudumu aliyepona imetangulia somo la kinga ya mwili, ijapokuwa waliyoitunga hawakuwa na hadubini.

Hewlett hakuja kuzisifu mila zote. Katika mazishi ya kawaida shangazi ndiye aliyeosha maiti, na mikono yake ilibeba ugonjwa hadi nyumbani. Lakini aliona pia kwamba jamaa walipozikiwa maiti zao bila kujulishwa, uvumi ulienea kuwa viungo vya wafu vinauzwa, na wagonjwa wakaanza kuikimbia hospitali. Hilo halionekani kwa hadubini. Linahitaji mtu anayejua kuuliza, na anayejua kunyamaza akasikiliza.

Miaka kumi na minane baadaye moto uliwaka kwa jirani. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, huko Kongo, umbali mfupi kutoka mpaka wetu wa Kasese. Safari hii tabibu hakuja mikono mitupu. Chanjo ilikuwapo, na mwishowe zaidi ya watu 300,000 waliipata. Mwezi wa Novemba lilianza jaribio la dawa nne, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule yule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976 ugonjwa ulipozuka Kongo kwa mara ya kwanza. Dawa mbili zilishinda: kati ya waliopewa hizo, thuluthi moja hivi walifariki, ilhali kwa zile nyingine walifariki takriban nusu. Moja ya zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995.

Chanjo yenyewe hudai baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ipeleke basi kwenye vijiji vya joto visivyo na umeme! Hapo ndipo fizikia ilipoingia. Vyombo viitwavyo Arktek vina kuta mbili zenye ombwe kati yake, kama chupa ya chai, na ndani yake vifurushi vya kitu kinachoyeyuka polepole. Kitu kinapoyeyuka hufyonza joto bila halijoto yake kupanda. Mwanafunzi hufundishwa jambo hilo darasani akadhani ni la mtihani tu, kumbe ndilo linaloweka chanjo salama kwa siku kadhaa bila umeme.

Dawa ipo, baridi ipo. Kwa nini basi ugonjwa ule ulidumu hadi Juni 2020, ukaua zaidi ya watu 2,200?

Sehemu ya jibu ilipatikana kwa dodoso. Mwezi wa Septemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya tangazo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema Ebola haipo. Walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanasimamia maslahi ya wananchi hawakufika hata thuluthi. Na wale wasioamini ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Usikimbilie kuwaita wajinga. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na waasi, na misaada haikuwafikia kwa wingi. Ebola ilipokuja, magari yalijaa barabarani. Kisha Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama, hata rais mpya akaapishwa kabla wao hawajapiga kura. Mtu aliyepitia hayo ana hoja anapouliza ugonjwa huu ni wa nani.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Aprili, Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun, alipigwa risasi hospitalini Butembo akafa. Sisemi utafiti wa jamii ungeizuia risasi ile. Nasema takwimu za Septemba zilikuwa zimekwisha kuonya.

Hata jina lilikuwa na dosari. Timu za kupambana na Ebola ziliitwa kwa Kifaransa "riposte", neno lenye maana ya kujibu mapigo. Katika nchi ya vita, watu wanaosindikizwa na askari wanabisha hodi wakijiita wajibu mapigo! Mwanafunzi yeyote wa isimu angewatahadharisha. Wachunguzi wa lugha wa shirika la Translators without Borders walipofika Goma mwaka 2019, walikuta watu wanataka maelezo ya kina, kwa Kiswahili wanachokisema wenyewe, si kwa istilahi za kitabibu zilizoachwa katika Kifaransa.

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba walimu wa fizikia ni haba na lazima wavutwe kwa mshahara. Nakubali. Walipwe vizuri. Ninachopinga ni ngazi: kumweka mmoja juu na mwingine chini, kisha kuelekeza ufadhili wa chuo kikuu upande mmoja mwaka baada ya mwaka, kana kwamba maradhi yatakuja yakiwa yamegawanywa kwa masomo.

Mwaka ule ule wa mgomo, tarehe 20 Septemba, Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa Mubende. Chanjo iliyotumika Beni haikingi aina hiyo. Walithibitishwa wagonjwa 142, wakafa 55, na kufikia tarehe 11 Januari 2023 mlipuko ulikuwa umetangazwa kwisha. Ulizimwa kwa maabara zilizopima damu, naam, lakini pia kwa watu waliotembea kijiji hadi kijiji wakiuliza nani amemgusa nani, na wakajibiwa ukweli.

Virusi vya aina ile vilirudi, Kampala, vikatangazwa tarehe 30 Januari 2025. Siku nne baadaye watafiti wa Makerere na wa taasisi ya virusi ya Entebbe walianza kujaribu chanjo mpya. Mtu huchanjwa katika jaribio baada ya kuelezwa na kuridhia, na karatasi ya ridhaa haina budi kueleweka kwa muuza ndizi sawasawa na kwa muuguzi. Katika shule ninayofundisha, wanafunzi wenye alama bora kabisa za lugha bado wanashauriwa kuziacha.