Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kuuliza ni nusu ya kujua. Mtu aulizaye njia huweza kupotea hatua chache akarudi; asiyeuliza hupotea safari nzima, jua likamchwea mwituni. Wazee wetu walilitambua jambo hili, wakasema kuwa kuuliza si ujinga. Lakini msemo huo una upande wa pili ambao hautajwi mara nyingi. Ikiwa kuuliza si ujinga, basi kumdharau aulizaye ni nini? Mimi nasema kuwa huo ndio ujinga wenyewe, tena ujinga uliovaa joho la elimu. Katika insha hii nataka kuushitaki ujinga huo mahali ulipojenga makao siku hizi, yaani katika mabaraza ya waandishi wa programu za kompyuta.

Kuandika programu ni kuipa mashine amri, moja baada ya moja, kwa lugha isiyosamehe kosa. Alama moja ikikosekana, kazi ya siku nzima husimama. Wala hapana bingwa awezaye kukariri amri zote za lugha zote za namna hiyo. Kwa sababu hii watu wa kazi hiyo hawana budi kuulizana. Mwaka 2008 Jeff Atwood na Joel Spolsky, watu wa Marekani, walianzisha katika intaneti baraza liitwalo Stack Overflow. Mpango wake ulikuwa mwepesi na mzuri. Mtu huuliza, wengine humjibu bila malipo, wasomaji hupiga kura, jibu jema likapanda na baya likashuka. Apataye kura hupata alama za heshima, na kadiri alama zake zinavyozidi ndivyo anavyokabidhiwa mamlaka: kupiga kura ya kushusha, kusahihisha maandishi ya wenzake, hata kufunga maswali yao. Maswali na majibu hubaki wazi kwa walimwengu wote. Hivyo mwanafunzi wa Kisumu hupata leo faida ya swali lililoulizwa miaka kumi iliyopita na mtu wa mbali asiyemjua kwa jina wala kwa sura. Maswali zaidi ya milioni 20 yamekusanywa kwa njia hiyo. Ni kisima kikubwa, na sifa yake siipunguzi hata kidogo.

Lakini mtu akichimba kisima kizuri, kisha akafunga mbwa mkali kando yake, atamlaumu nani wanakijiji wakienda kuteka maji mtoni? Mgeni aliingia barazani na swali lake. Hakujua mila za wenyeji. Pengine alisahau kueleza alichokwisha kujaribu, au alinakili programu nzima mahali palipotakiwa mistari mitano. Kabla hajatulia kitini, kura za kushusha zilikuwa zimemwangukia, na swali lake limefungwa kwa neno moja: marudio. Zamani kura tano zilihitajika ili kulifunga swali. Tangu mwaka 2019 zilitosha tatu. Na mwenye nishani ya dhahabu katika somo fulani aliweza kulifunga kwa mkono wake peke yake, kwa kudai kuwa limekwisha ulizwa.

Tazama pia jinsi sheria ilivyopima haki. Kwa miaka mingi, mtu aliyelishusha jibu la mwenzake alipoteza alama moja yake mwenyewe, ili afikiri kabla ya kupiga. Lakini aliyelishusha swali hakupoteza kitu. Yaani hasira juu ya ajibuye ilitozwa ushuru, na hasira juu ya aulizaye ikaachwa ipite bure. Tena mgeni asiye na alama 50 hakuruhusiwa kuandika neno chini ya maswali au majibu ya wengine, aliweza kuuliza, lakini hakuweza kumwambia aliyemjibu mtu mwingine, "Bwana, hapa sijakuelewa." Sheria ya namna hii haifundishi adabu. Inamfundisha mwenye nguvu kuwa nguvu zake hazina gharama.

Hayo si masingizio yangu. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 kampuni yenye baraza hilo ilikiri mbele ya watu wote kwamba wengi waliliona kuwa mahali pa uadui na majivuno, hasa wageni katika kazi hiyo, wanawake, na watu wasio weupe. Mwaka huo huo kanuni mpya za mwenendo zikatungwa. Ungamo lilikuwa la kiungwana. Lakini ungamo bila kubadili mlango ni sawa na kumwomba mgeni radhi huku mbwa bado amefunguliwa.

Watetezi wa ukali hawakosi hoja, na ni haki tuzisikilize. Husema kwamba wajibuji hawalipwi. Kwamba swali moja likiulizwa mara elfu huchosha. Na kwamba kisima kisipolindwa kitajaa takataka. Yote matatu ni kweli. Lakini kutoka katika ukweli huo huruka hadi mahali ambapo ukweli hauwafikishi, wakasema kuwa basi ukali ndio ulinzi. Hapo ndipo ninapoachana nao. Kulirekebisha swali ni kazi moja; kumwaibisha mwulizaji ni kazi nyingine. Daktari huchoma kidonda dawa, lakini hamzomei mgonjwa.

Nalisema hili nikiwa mtu aliyewahi kukosea. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kijana mmoja wa chama cha kompyuta aliniuliza kwa nini, katika lugha nyingi za programu, kitu cha kwanza katika orodha huhesabiwa kuwa cha sifuri badala ya cha kwanza. Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Hilo tulilisoma wiki iliyopita." Wenzake wakacheka, naye akaketi. Muhula mzima hakuinua mkono tena. Ulipofika mtihani, zaidi ya nusu ya darasa walikosea pale pale alipouliza yeye. Wao pia hawakuelewa, ila walikuwa na akili ya kunyamaza. Jibu lenyewe lilikuwa fupi: namba ile haihesabu vitu, bali hupima umbali kutoka mwanzo wa orodha, na kitu cha kwanza hakina umbali wowote. Maneno hayo yangalinigharimu nusu dakika. Neno langu la "tulilisoma" liligharimu darasa muhula mzima. Tangu siku ile nimejua kuwa swali la mmoja aghalabu ni la wengi, na kwamba amwaibishaye mmoja huwanyamazisha wote.

Hata lile neno "marudio" si la kuaminiwa kila wakati. Lugha iitwayo Python ilikuwa na toleo la pili, ambalo watunzaji wake waliacha kulihudumia tarehe 1 Januari mwaka 2020. Katika toleo hilo, amri ya kuchapisha maneno iliweza kuandikwa bila mabano. Katika toleo la tatu, amri hiyo hiyo bila mabano ni kosa. Mwanafunzi wa leo akielekezwa kwenye jibu la mwaka 2009 ataliandika kama alivyolikuta, na mashine itamkataa. Swali lake lilikuwa na sura ya swali la zamani, lakini hali yake ilikuwa mpya. Tena hadi mwaka 2021 jibu lililokubaliwa na mwulizaji wa kwanza lilikaa juu ya majibu mengine, hata kama wasomaji walikwisha kupata lililo bora kuliko hilo. Elimu huzeeka kama mkate. Jana ulikuwa chakula, leo una ukungu, na rafu uliyowekwa ni ile ile.

Basi yafanywe nini? Mimi napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila baraza na liwe na ukumbi wa mapokezi. Swali la mgeni lisomwe kwanza na wenyeji wachache, wamwonyeshe upungufu, alisahihishe, ndipo litoke hadharani. Stack Overflow wenyewe walifungua ukumbi wa namna hii mwaka 2024, nami nawapongeza. Ila walichukua miaka 16 kugundua jambo ambalo kila bibi mwenye nyumba analijua: mgeni hukaribishwa kwanza, kisha huulizwa habari.

Pili, afungaye swali alazimishwe kuandika, kwa maneno yake mwenyewe, limepungukiwa na nini. Akisema ni marudio, aonyeshe ni sehemu gani ya jibu la zamani inayomfaa mwulizaji, na kama ingali kweli katika matoleo ya sasa. Na rufani isikilizwe na mtu mwingine asiyeshiriki katika kufunga. Hakimu hawi mshitaki.

Tatu, kura ya kushusha swali itozwe kama ile ya kushusha jibu, na hesabu ya kura ifichwe kwa siku ya kwanza. Watu hupenda kumpiga aliyekwisha kuanguka. Pasipoonekana aliyeanguka, kila mmoja atalazimika kusoma kabla ya kuhukumu.

Nne, walinzi wa baraza nao walindwe. Wengi wao ni watu wa kujitolea, waliochaguliwa na wenzao, wanaofagia matusi na uongo usiku na mchana bila mshahara. Mwezi wa Juni mwaka 2023 wengi wa walinzi wa Stack Overflow waligoma, kwa sababu kampuni iliwazuia kuondoa majibu waliyoshuku kuwa yametungwa na mashine. Mgomo ulikwisha mwezi wa Agosti baada ya mashauriano. Mlinzi aliyechoka na asiyesikilizwa hugeuka kuwa mlinzi mkali. Anayetaka upole mlangoni hana budi kumpa bawabu kiti, zamu na heshima.

Pengine utasema kuwa haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa sasa mashine hujibu. Ni kweli kwamba tangu ChatGPT ilipotolewa tarehe 30 Novemba mwaka 2022, vijana wengi huiuliza mashine, na maswali mapya katika baraza lile yamepungua sana. Lakini jiulize kwa nini walihama upesi hivyo. Mashine haikuwa na elimu kuliko mabingwa. Mara kwa mara ilisema uongo kwa uso mkavu, hata baraza likapiga marufuku majibu yake mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Wepesi wake ulivuta wengi, hilo silikani. Lakini pia haikumcheka mtu. Kijana alipewa kuchagua kati ya kweli yenye dharau na uongo wenye adabu, naye, kama binadamu yeyote, mara nyingi alichagua adabu. Hasara ni yetu sote. Jibu la mashine huishia katika chumba cha mmoja. Hakuna wa pili wa kulisahihisha, wala wa tatu wa kulikuta kesho. Kila mmoja amechimba kijishimo chake, na kisima cha umma kinakauka.

Jambo hili si la mbali nasi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Wewe unayesoma, au mdogo wako, mtakuwa na maswali mengi. Stack Overflow lilifungua matawi ya Kireno, Kirusi, Kijapani na Kihispania. Tawi la Kiswahili halikufunguliwa. Basi mtoto wetu anapouliza hubeba mizigo miwili, wa somo na wa lugha ya kigeni, na mbwa yule mlangoni hubwekea yote miwili. Yamkini ninyi ndio mtakaojenga baraza la kwanza kubwa la kazi hii kwa Kiswahili. Siku hiyo itakapofika, ukali msiuige kwa kudhani kuwa ndio uhodari.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe jembe la kichwa akiwa bado kizingitini. Apewe siku zake mbili, ajue mila, kisha alime pamoja na wenyeji. Kwa maana aulizaye leo ndiye ajibuye kesho, na baraza linalowafukuza waulizaji linakula mbegu yake lenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.