Programu za Simu na Afya ya Akili: Faida Ipo, Bila Mtu Haidumu

Programu za simu za kupunguza msongo wa mawazo, wasiwasi na sonona husaidia, ila msaada wake ni mdogo kuliko matangazo yanavyodai, na hutegemea sana kama nyuma ya simu yupo mtu. Nyingi zimejengwa juu ya tiba ya utambuzi na tabia, inayomfundisha mgonjwa kuzipima fikra zinazomkandamiza na kubadili mazoea yanayozikuza. Tiba hiyo ina hatua na mazoezi ya kuandikwa, hivyo haikuwa vigumu kuihamishia kwenye simu.

Mwaka 2017 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio la Woebot, programu iliyozungumza na mtumiaji kwa maandishi. Vijana 70 wa miaka 18 hadi 28 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa Woebot, wengine kitabu cha kielektroniki kuhusu sonona. Baada ya wiki mbili, dalili za sonona zilipungua zaidi kwa waliotumia Woebot. Wasiwasi, hata hivyo, ulipungua katika makundi yote mawili. Ndiyo sababu programu isiyolinganishwa na kitu kingine haiwezi kuthibitisha lolote: kusoma tu, au kujua kwamba kuna anayekufuatilia, huleta nafuu fulani.

Mwaka 2019 jarida la World Psychiatry lilitoa uchambuzi wa majaribio 66 ya aina hiyo. Faida ilionekana kwa sonona, wasiwasi na msongo, lakini ilikuwa ndogo. Ilikua pale mtumiaji alipopata mwongozo wa mtaalamu na kukumbushwa kuendelea.

Nje ya majaribio, tatizo kubwa ni watu kuacha. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliochunguza programu 93, ulikuta kwamba kwa programu ya kawaida ni takriban asilimia 3 tu ya walioipakua waliokuwa bado wakiifungua siku ya 30. Mazoezi yanayohitaji wiki kadhaa hayawezi kumfaa mtu aliyeyaacha siku ya tatu.

Lebanon ilionyesha njia nyingine. Huko Shirika la Afya Duniani na wizara ya afya walijaribu Step-by-Step, programu yenye vipindi vitano vya masimulizi na mazoezi, na miongoni mwa waliohudumiwa walikuwemo wakimbizi wa Syria. Wasaidizi wasio wataalamu wa tiba ya akili, waliofunzwa na kusimamiwa, waliwasiliana na kila mshiriki kwa takriban dakika 15 kwa wiki. Sonona ilipungua na uwezo wa kufanya shughuli za kila siku uliongezeka. Kwa nchi zenye madaktari wachache wa akili, somo ni kwamba bajeti ya programu iwe na fungu la wasaidizi.

Usimamizi nao ni sehemu ya tiba. Tangu 2020 Ujerumani huruhusu daktari kumwandikia mgonjwa programu zilizoidhinishwa, na bima ya afya ya umma hulipa. Mtengenezaji hutakiwa kuonyesha ushahidi wa manufaa na ulinzi wa taarifa. Marekani, mwaka 2023, BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa mtandao, ilitozwa dola milioni 7.8 kwa madai ya kuwapa watangazaji taarifa za afya za wateja.

Kwa dalili nyepesi na za wastani, programu iliyojaribiwa, yenye msaidizi na inayotunza siri, inafaa. Mwenye mawazo ya kujiua au aliyepoteza uhusiano na uhalisia anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya mara moja.